Kutoka Marikiti kwa Miguu, Kufuata Nyayo za Vibarua

Saa moja asubuhi Marikiti ilishaamka kitambo. Lori lililoteremka kutoka bara usiku kucha limeegeshwa kando ya Barabara ya Digo, mlango wa nyuma wazi, magunia ya viazi yamepangwa ndani hadi juu. Hamali mmoja, fulana imemgandia mgongoni, anapinda goti na kuinamisha kichwa. Ngata yake ni kipande cha gunia kilichoviringwa na kufungwa kwa kamba ya nailoni. Wenzake wawili wanahesabu, wanamtwika. Anatulia kidogo, shingo ikitafuta mahali pake chini ya mzigo, kisha hatua ya kwanza, ya pili, na mwili unapata mwendo. "Simile! Simile!" Wateja wanajibana kwenye meza za maembe na mapapai, mama mmoja anamvuta mwanawe mkono, hamali anapita. Jasho lake linadondoka juu ya sakafu iliyotapakaa majani ya mchicha. Gunia linashushwa. Anarudi kuchukua jingine.

Hapa ndipo nilipochagua kuanzia matembezi yangu Jumamosi hiyo. Ukitaka mtu wa kukutembeza Mombasa kwa miguu, hutahangaika. Waelekezaji wapo karibu na lango la Ngome ya Yesu tangu asubuhi, na wengi wao ni wajuzi wa kweli. Watakupitisha Ndia Kuu, wakuonyeshe milango ya kuchonga na roshani za mbao, Msikiti wa Mandhry unaosemekana kujengwa mwaka 1570, Nyumba ya Leven, bandari ya majahazi. Mwisho watakuleta Marikiti ununue binzari na iliki. Ni matembezi mazuri, na kila anayekuja mjini humu namhimiza aende. Ila mara zote nilizofuatana na wageni kwenye njia hiyo, hamali anapopita tunaambiwa tumpishe, halafu hadithi ya viungo inaendelea. Hadithi yake yeye haisimuliwi, na kuna siku watu kama yeye waliusimamisha mji huu wote.

Wazo la matembezi haya nimelipata mbali. Katika miji ya Ulaya Mashariki, utembezi wa kufuata mabaki ya enzi ya ukomunisti umekuwa kazi inayolisha watu. Huko Kraków, Poland, wageni hupelekwa Nowa Huta, mji wa wafanyakazi wa chuma ulioanza kujengwa mwaka 1949, wengine wakizungushwa ndani ya vigari vya Trabant vinavyokohoa moshi. Uwanja wake wa kati sasa una jina la Ronald Reagan. Budapest walizing'oa sanamu za Lenin na wenzake, lakini hawakuziyeyusha. Walizikusanya kwenye bustani moja nje ya mji, iliyofunguliwa mwaka 1993, na watu hulipa kiingilio kwenda kuzitazama. Tirana, Albania, mahandaki ya zege aliyoyachimbisha mtawala wa kikomunisti Enver Hoxha kwa kuogopa vita yamegeuzwa makumbusho. Mtu anatembea, anagusa ukuta, anaambiwa hapa palitokea hivi.

Nikajiuliza Mombasa tungemwonyesha nini mtu anayetaka kujua habari za mrengo wa kushoto. Kule Ulaya wakomunisti walitawala, wakajenga majumba, wakaweka sanamu na polisi wa siri. Hapa kwetu hawakutawala hata siku moja. Ukomunisti ulikuwa zaidi jina alilobandikwa mtu kabla ya kukamatwa. Wachache walilikubali jina hilo kwa ridhaa yao, wengi walilibebeshwa kwa kudai shilingi chache zaidi kwa mwezi au kwa kuuliza nchi inaelekea wapi. Watu wa namna hiyo hawaachi jengo. Waliacha viwanja walivyosimama, njia walizopita na bandari waliyoifunga, na vitu hivyo havionekani mpaka mtu akusimulie.

Zanzibar ni tofauti kidogo, na inafaa nipite hapo kabla sijaendelea. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, serikali mpya ilikuwa miongoni mwa za mwanzo kabisa nje ya kambi ya kikomunisti kuitambua Ujerumani Mashariki, na Wajerumani hao wakaja kujenga nyumba za ghorofa Kikwajuni, kisha zikafuata zile ndefu za Michenzani. Makomredi wa chama cha Umma, wakiongozwa na Abdulrahman Babu, waliingia serikalini. Unguja, basi, ukimtembeza mgeni unalo zege la kumwonyesha. Mombasa inabidi uanze na neno.

Neno lenyewe ni kibarua. Leo mtu akisema "natafuta kibarua" anamaanisha kazi ya siku, na akisema "yule ni kibarua" anamtaja mfanyakazi mwenyewe. Asili yake ni barua ndogo, karatasi au kadi aliyopewa mtu wa kazi ya kutwa iwekwe alama kila siku aliyofanya kazi, ili mwisho wa hesabu ajulikane anadai nini. Karne ya 19 watumwa waliokodishwa na mabwana zao kwa kazi za mjini walishika vikaratasi vya aina hiyo, na ujira ukagawanywa kati ya mtumwa na bwana. Utumwa ukaondoka, karatasi ikabaki, na mtu akachukua jina la karatasi. Nimeishi na neno hili tangu utoto bila kulifikiria. Siku nilipolielewa niliona haya kidogo kwa namna nilivyokuwa nikilitamka.

Kutoka Marikiti niliingia Barabara ya Langoni. Jengo la soko lilisimamishwa mwaka 1914 na kupewa jina la Mackinnon, jina lililobaki kwenye makaratasi. Wenye mji walichukua neno la Kiingereza la soko, wakalisuuza kwa sauti za Kiswahili, likawa Marikiti, na hakuna anayekwenda Mackinnon kununua bamia. Karibu yake ni Biashara Street na maduka ya leso, likiwamo la Kaderdina Hajee Essak, ambao alama yao ya "Mali ya Abdulla" wanawake wa pwani yote wanaijua. Asubuhi hiyo vijana walikuwa wakishusha marobota ya leso kwa mikokoteni. Ulegevu wa ofisi haujulikani hapa. Kila mtu anasukuma, anavuta, anabeba au anahesabu.

Langoni inakuingiza Mji wa Kale, na baada ya vichochoro viwili vitatu uko Kuze. Muuza kahawa alikuwa ameketi na dele lake juu ya mkaa, akigonganisha vikombe viwili kwa mdundo ule tunaoujua. Nikanunua kahawa chungu na kashata.

"Waelekea wapi na daftari, mwanangu?" akaniuliza mzee mmoja aliyekaa barazani.

"Natembea tu, mzee wangu. Nafuata habari za watu waliofungwa kwa maneno yao."

Akanitazama, akasogea kunipa nafasi. "Basi kaa. Hapa ndipo kwao."

Alijua ninayemfikiria. Abdilatif Abdalla alizaliwa mtaa huu wa Kuze mwaka 1946, sehemu ya utoto wake akaishi Faza, Kisiwa cha Pate, kisha akarudi Mombasa na kuajiriwa na Baraza la Manispaa kama msaidizi wa mhasibu. Mchana alikuwa kwenye vitabu vya hesabu. Katika siasa alisimama na Kenya People's Union (KPU), chama alichokianzisha Jaramogi Oginga Odinga mwaka 1966 baada ya kuachana na Rais Jomo Kenyatta na chama chake cha KANU. Odinga na wenzake walitaka ardhi igawiwe wasio nayo, na uhuru uonekane mezani kwa mwananchi. Wapinzani wao wakawaita vibaraka wa Moscow na Peking.

Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa mwaka 1968, wagombea wa KPU walikataliwa kwa wingi, fomu zao zikidaiwa kuwa na makosa. Kijana wa miaka 22 akakaa, akaandika waraka alioupa jina la "Kenya: Twendapi?" Ulipigwa chapa kwa siri, ukasambazwa gizani. Ulikuwa wa Kiswahili, na hilo si dogo. Siasa nyingi za juu wakati huo zilijadiliwa kwa Kiingereza, lugha ambayo hamali wa Marikiti na mvuvi wa Bandari ya Kale hawakuimiliki. Waraka wa Abdilatif ungeweza kusomwa kwa sauti barazani hapa, juu ya kahawa, na kila mtu akauelewa. Naamini serikali iliogopa lugha yake kama ilivyoogopa maneno yake.

Alikamatwa Desemba, na mwaka 1969 akahukumiwa miaka mitatu kwa uchochezi. Alifungwa Kamiti na Shimo la Tewa, hapo ng'ambo ya kisiwa, peke yake katika chumba. Mashairi aliyoyatunga humo aliyaandika kwenye karatasi za msalani, yakatolewa nje, na mwaka 1973 yakachapishwa kama diwani ya Sauti ya Dhiki. Mwaka uliofuata diwani hiyo ikapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, tuzo yenye jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mshairi. Alipotoka mwaka 1972 alikwenda Dar es Salaam, halafu London, na miaka mingi akafundisha Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Leipzig. Leipzig ilikuwa ndani ya Ujerumani Mashariki hadi mwaka 1990, na maandamano ya watu wake mwaka 1989 yalisaidia kuuangusha utawala wa kikomunisti. Mji ule nao una watembezi wake wanaowaonyesha wageni kanisa ambalo watu walianzia kuandamana. Mtoto wa Kuze amefundisha lugha yetu katika mji unaojua kukumbuka ulipotembea.

Niliinuka kwa shida. Mzee yule hakuniruhusu kulipa kahawa.

Ngomeni sikukaa sana, maana hapo wasimulizi wapo wa kutosha. Wareno waliijenga ngome kati ya mwaka 1593 na 1596, Waomani wakaitwaa 1698, na tangu 2011 imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Kipande kimoja hupitiwa haraka mno. Tangu mwaka 1895 hadi 1958 Waingereza waliitumia kuwa jela. Miaka sitini na mitatu! Ndani ya muda huo ndimo migomo yote ya bandarini nitakayoisimulia ilipotokea, na kuta zile nene zilimkodolea macho kila mkazi wa mji aliyewaza kusema hapana. Nikitazama ngome namwona pia mlinda jela, na ningependa watoto wa shule wanaoletwa kwa mabasi waambiwe habari zake kama wanavyoambiwa habari za mizinga.

Nikarudi kwa Barabara ya Nkrumah. Nkrumah wa Ghana, mtu wa mrengo wa kushoto, angalau jina lake limepewa njia, hatua chache kutoka sokoni. Barabara ya Digo ninayoivuka iliitwa zamani Salim Road, na Moi Avenue iliitwa Kilindini Road. Hili la pili linaniuma kuliko nilivyotarajia. Ile ndiyo njia iendayo bandarini, maelfu ya watu waliipita alfajiri wakiwahi kuandikwa kazi, na jina lake lilikuwa likikwambia waziwazi unakokwenda. Sasa ina jina la rais, na juu yake zimesimama zile Pembe za Ndovu zilizowekwa awali kwa heshima ya ziara ya kifalme ya mwaka 1952. Kila mgeni hupigwa picha chini yake.

Mimi nilishika Jomo Kenyatta Avenue, kupitia Mwembe Tayari na ile Sanamu ya Askari ya kumbukumbu ya Vita vya Kwanza vya Dunia, nikaelekea Majengo.

Majengo ndiyo moyo wa matembezi haya. Mji ulipopanuka na reli na bandari, watu kutoka kila upande waliokuja kutafuta kazi hawakuwa na pa kulala Mji wa Kale. Huku ndiko zilikoota nyumba za Kiswahili, za fito na udongo na makuti, ukumbi katikati na vyumba pande zote mbili, uani jiko na choo cha wote. Ardhi ilikuwa ya mtu mmoja, nyumba ya mwingine, na wapangaji chumba kwa chumba. Miongoni mwa wenye nyumba walikuwamo wanawake wa Kiislamu waliojiwekea akiba kwa njia hiyo. Mjaluo, Mkamba, Mtaita, Mkikuyu, Mmijikenda na Mswahili walipishana kwenye ukumbi mmoja, wakapikia uani pamoja, na lugha iliyowaunganisha ilikuwa moja. Bila ya nyumba hizo sidhani kama mambo ya Januari 1947 yangewezekana.

Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimekwisha, bei za vitu zimepanda, chumba kimoja kinalalwa na watu wengi kwa zamu, na mishahara imebaki nyuma. Si kwamba serikali haikujua. Mwaka 1939, mwishoni mwa Julai, wafanyakazi wa Idara ya Ujenzi waligoma hapa Mombasa, wakafuatwa na wa makampuni mengine hadi makuli wa bandari wakaingia Agosti, na tume ikaundwa kuchunguza. Mwaka 1945 ikaundwa kamati nyingine. Ripoti ziliandikwa, watu wakaendelea kulala kwa zamu.

Jumatatu tarehe 13 Januari 1947 mji ukasimama. Makuli hawakwenda gatini. Wafanyakazi wa reli hawakwenda kwenye karakana. Mahotelini hapakuwa na wa kupika, na katika nyumba za Wazungu hakukuwa na wa kuwasha moto wa chai. Takriban watu 15,000 waliacha kazi, wa kabila zote na dini zote, wenye kazi za kudumu na vibarua wa kutwa. Walikaa hivyo siku kumi na mbili hivi. Kila siku walikusanyika kwenye uwanja mmoja wa kandanda hapa Majengo, na uwanja huo wakaupa jina wao wenyewe. Wakauita Kiwanja cha Maskini.

Nimelitafakari jina hilo mara nyingi. Mahali pengine watu wakigoma huchagua majina makubwa, Uwanja wa Ushindi, Uwanja wa Uhuru. Hawa walitazamana wakajiita walivyo, na kwa kujiita hivyo wakakidai kiwanja kuwa chao. Hapo walizungumza, walichangishana, walipashana habari za nani amerudi kazini kinyemela. Hapo kilizaliwa chama kilichokuja kuitwa African Workers' Federation, na kiongozi wake akawa kijana kutoka Kiambu, Chege Kibachia. Hakikuwa chama cha makuli peke yao wala cha watu wa reli peke yao. Kiliwataka wafanyakazi wote Waafrika wakae pamoja, na wazo hilo ndilo lililowatisha wakubwa kuliko madai yenyewe ya mshahara.

Serikali ilimleta Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza kuingia Baraza la Kutunga Sheria, aje awasihi. Akawaahidi kwamba malalamiko yao yatasikilizwa, wakarudi kazini. Baraza la usuluhishi likaundwa chini ya Jaji Ransley Thacker, na baadhi ya wafanyakazi wakaongezewa mishahara. Jina hilo la Thacker lishike. Miaka michache baadaye ndiye aliyetolewa kwenye ustaafu akapelekwa Kapenguria, na tarehe 8 Aprili 1953 akamhukumu Jomo Kenyatta na wenzake watano miaka saba na kazi ngumu. Jaji aliyewapimia makuli wa Mombasa mishahara ndiye aliyewapimia viongozi kifungo.

Mikutano ya Kiwanja cha Maskini haikukoma na mgomo. Iliendelea miezi kadhaa, na Kibachia akaanza kuueneza muungano huo hadi Nairobi. Agosti 1947 akakamatwa, akahamishiwa Kabarnet, Baringo, mbali na bahari na mbali na mfanyakazi yeyote wa gati, akazuiliwa huko karibu miaka kumi. Chama kikadhoofika bila yeye.

Nilifika Majengo adhuhuri, jua la utosi. Sikuona kibao, wala jiwe, wala sanamu inayotaja mgomo ule. Nilimwamkia mama aliyekuwa akikaanga viazi karai chini ya mwavuli, nikamuuliza kama amewahi kusikia Kiwanja cha Maskini.

"Maskini si sisi hapa, mwanangu?" akacheka, akanifungia viazi kwenye gazeti. Kisha akawa hacheki tena. "Walifanya nini hao?"

Nikamweleza. Siku kumi na mbili, watu elfu kumi na tano. Aliacha mwiko ukielea mafutani. Mumewe, aliniambia, alikuwa akipakia mizigo Shimanzi hadi mgongo ulipomshinda. Akaniuliza kama jambo hilo limeandikwa popote ili amwonyeshe mwanawe aliye kidato cha tatu. Limeandikwa, nikamwambia. Frederick Cooper, mwanahistoria Mmarekani, alizitolea kitabu kizima mwaka 1987 habari za makuli wa Mombasa. Kipo kwa Kiingereza. Nilipolitamka hilo la mwisho niliona uso wake ukirudi kwenye karai, na huzuni ile nimekuja nayo nyumbani.

Kutoka Majengo ni kushuka kuelekea Shimanzi na Kilindini, malori yakikufukuza kando ya njia. Hapa inafaa nimtaje mtu ambaye Mombasa haikuwa makao yake, ila habari zake na za bandari hii zimefungamana. Makhan Singh alizaliwa Punjab mwaka 1913, akaja Nairobi akiwa kijana, na mwaka 1935 akawa katibu wa chama cha wafanyakazi Wahindi. Alikifungua milango kiwapokee wafanyakazi wa rangi zote, jambo lisilosikika katika koloni lililopanga hata vyoo kwa rangi. Mgomo wa 1939 ulipotokea Mombasa, wakubwa waliunyoshea kidole chama chake. Alikwenda India, Waingereza wakamfunga huko, na baada ya kifungo akafanya kazi katika gazeti la Chama cha Kikomunisti cha Punjab. Alirejea Kenya Agosti 1947, mwezi uleule Kibachia alipokuwa akiondolewa.

Mwaka 1949 yeye na Fred Kubai waliunda shirikisho la vyama vya wafanyakazi vya Afrika Mashariki. Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni jijini Nairobi, akasimama akadai uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Mwezi uliofuata akakamatwa. Mahakamani hakuficha kitu, akasema yeye ni mkomunisti. Alizuiliwa Lokitaung, Maralal na Dol Dol hadi Oktoba 1961, zaidi ya miaka kumi na moja, muda mrefu kuliko hata Kenyatta. Alipotoka hakupewa wadhifa wowote wa maana. Akakaa akaandika historia ya vyama vya wafanyakazi vya Kenya, ikachapishwa mwaka 1969, na akafariki 1973. Ukimuuliza mwanafunzi wa leo, jina hilo halimwambii kitu.

Makuli waligoma tena Machi 1955, wakati wa hali ya hatari, siku ambazo kugoma kulihitaji moyo wa chuma, na kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, Tom Mboya, akaja kujadiliana kwa niaba yao hadi nyongeza ikapatikana. Chama cha wafanyakazi wa bandari kikaota mizizi, na mwishoni mwa miaka hiyo Denis Akumu akakiongoza. Kazi ya kutwa ikapungua gatini, ajira ya kudumu ikaongezeka. Kisha kontena zikaja, na winchi moja ikafanya kazi ya watu wengi.

Hadithi ya mwisho ni ya meli. Aprili 1965, meli ya Kisovieti iitwayo Fizik Lebedev iliingia Kilindini ikiwa na silaha pamoja na wataalamu wa kijeshi, msaada uliotokana na mazungumzo ambayo Odinga, akiwa Makamu wa Rais, alihusika nayo. Ilikuwa miezi miwili tu tangu Pio Gama Pinto, msoshalisti na rafiki wa Odinga, apigwe risasi mbele ya nyumba yake Nairobi tarehe 24 Februari. Mji mkuu ulijaa minong'ono ya mapinduzi. Kenyatta akaikataa shehena, akasema silaha zile ni za kizamani na hazilifai jeshi la Kenya. Meli ikarudi na mzigo wake. Mwezi huohuo serikali ikatoa Waraka Nambari 10 kuhusu ujamaa wa Kiafrika, ambao ndani yake, chini ya neno ujamaa, mali ya mtu binafsi na mtaji wa kigeni vilipewa nafasi ya heshima. Mwaka mmoja baadaye Odinga alikuwa nje ya serikali, na Oktoba 1969 KPU ikapigwa marufuku. Nionavyo mimi, mlango wa mrengo wa kushoto wa Kenya ulifungwa hapa baharini, siku meli ile ilipogeuzwa.

Bandarini huwezi kuingia bila kibali, kwa hiyo matembezi yangu yaliishia Barabara ya Mama Ngina, upande wa mnara wa taa, chini ya mibuyu, mahali pazuri pa kuona meli zikiingia. Barabara ile ya ufukweni ilitengenezwa upya mwaka 2019, mwaka uleule wakazi wa mji walipoandamana wakipinga amri ya kulazimisha shehena kupelekwa bara kwa reli ya SGR, wakilia kwamba madereva, wapakiaji na wenye maghala wananyang'anywa riziki. Nilisimama kati yao siku moja. Niliwasikia wazee kwa vijana wakisema bandari ni yao, na nikakikumbuka kiwanja.

Jioni hiyo palijaa familia. Muuza mihogo alipasua kipande kwa kisu, akapaka ndimu na pilipili ya unga, akanikabidhi juu ya karatasi. Meli ndefu ilitokeza mlangoni mwa bahari, boti ya rubani mbele yake, kontena zimepangana rangi rangi hadi karibu na chumba cha nahodha. Mtoto wa miaka sita au saba aliyekuwa begani kwa babake alianza kuzihesabu kwa kidole, akapotea, akaanza upya.

"Baba, hizo zote zitashushwa na nani?"

"Na winchi."

Mtoto akanyamaza, akifikiri. Meli ikapita mbele yetu polepole, tukaona bahari ikirudi nyuma yake.

"Na kabla ya winchi?"

Babake akamshusha chini, akamketisha ukutani, akakaa kando yake. "Babu yako," akasema, na akaanza kumsimulia.